Mfuko wa dawa wa babu

Najua nimekitelekeza kibaraza hiki karibu mwezi mzima, na wengine mmeanza kuniuliza kantini kama nimeacha kuandika au nimepata mchumba. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa Morogoro kwa babu, halafu nikarudi hapa nikakuta testi mbili na asainimenti ya saikolojia ya elimu vinanisubiri mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi. Leo rumeti kalala mapema, umeme upo, basi ngoja niandike.

Ilianza na simu ya mama Jumatano usiku. Babu kaanguka. Hakuvunjika kitu, tunamshukuru Mungu, lakini alianguka mlangoni akienda chooni saa nane za usiku, akabaki pale sakafuni mpaka bibi alipoamka kuswali alfajiri. Na ilikuwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Ijumaa nikakatiza vipindi, nikapanda treni ya umeme, saa mbili hazijaisha nipo Morogoro.

Kwa msiomjua, babu yangu huyu mzaa mama ni mtu wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978 alikuwa mgambo, kijana wa miaka 25. Akachukuliwa, akavuka mpaka na wenzake, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 anasema yeye alikuwa bado njiani na malengelenge ya miguu, wala mji wenyewe siku hiyo hakuuona. Hiyo ndiyo hadithi yake yote ya vita. Ukimwomba aendelee anakwambia niletee chai.

Nilipomwona nilishtuka. Miguu imevimba kuanzia kwenye vifundo, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Na nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mjomba anasema ni figo. Jirani anasema mzee kakanyaga kitu alichotegewa. Bibi yeye anaamini dawa ni chache, hospitali wamemwonea, aongezewe. Mimi msomi wa mwaka wa pili nikawa sina la kusema. Nikampigia mama mdogo.

Mama mdogo yuko Marekani, jimbo la Ohio, miaka mingi sasa. Nilikuwa najua ni mfamasia, na kwa akili yangu mfamasia ni yule mtu wa nyuma ya kaunta anayehesabu vidonge, anakutilia kwenye bahasha ndogo na kuandika 1x3 juu yake. Kumbe kazi ya mama mdogo haina kaunta kabisa! Yeye ni mfamasia wa kliniki kwenye VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayowashughulikia wapiganaji wa zamani. Wana mpango wa kuwatibu nyumbani kwao wale ambao maradhi yamekuwa mengi kiasi kwamba kuja kliniki hakuwasaidii tena. Mpango wenyewe upo tangu miaka ya 1970. Mgonjwa mmoja anakuwa na timu nzima: daktari, muuguzi, mtu wa ustawi wa jamii, mtaalamu wa lishe, wa mazoezi ya viungo, mwanasaikolojia, na mfamasia. Wanakaa pamoja wanamjadili mzee mmoja mmoja, na hawamwachi akipata nafuu kidogo, wanaendelea naye miaka.

Wengi wa wazee wake walipigana Vietnam. Dawa zao nyingi zinatumwa kwa posta mpaka mlangoni, mara nyingi za miezi mitatu kwa mkupuo. Sasa hebu fikiria: daktari anabadilisha dawa leo, ile ya zamani ipo kabatini ya miezi miwili, na mzee hapendi kutupa kitu. Anakunywa zote mbili. Kwenye kompyuta ya hospitali anaonekana ana dawa 9, ukifungua droo yake jikoni unakuta 17. Mama mdogo anasema kazi yake ni kuifahamu droo. Mzee akiingia kwenye mpango anapitia dawa zake zote moja baada ya nyingine, na kila baada ya miezi mitatu anarudia. Hii ya nini? Bado unaihitaji? Figo zako zinaiweza? Nani alikuanzishia, na lini? Si kila siku anakwenda mwenyewe, mara nyingi muuguzi ndiye yuko sebuleni na yeye yuko kwenye video. Na akikuta kosa haandiki barua ya kuomba. VA inampa mamlaka, kwa maandishi, ya kuanzisha dawa, kupunguza, kuacha, na kuagiza vipimo vya damu. Hilo kwa kweli lilinishangaza.

Haya, turudi Morogoro. Ilikuwa saa moja na nusu jioni kwetu, kwake mchana. Nikaanza kumsomea majina ya dawa kutoka kwenye kadi ya kliniki, akanikatisha.

"Mwanangu, usinisomee. Nionyeshe. Leteni zote, hata za bibi, hata za kienyeji, hata za macho."

Babu akanyoosha mkono chini ya kitanda akatoa mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019, yeye anao mmoja anautunza kama hati ya kiwanja. Tukamwaga vitu juu ya mkeka. 13. Vingine bahasha tupu zilizoandikwa 1x2 bila jina la dawa. Vingine antibaiotiki zilizobaki za mwaka juzi. Dawa ya bibi ya vidonda vya tumbo. Unga wa mizizi kwenye chupa ya maji. Nikapitisha kamera kimoja kimoja na mama mdogo akawa ananyamaza, anaandika.

Halafu akauliza swali ambalo sisi wote, na nadharia zetu, hatukuwa tumeliuliza. "Baba, kipi kilitangulia? Miguu kuvimba au kuongezewa dawa ya presha?"

Ikabidi bibi alete kadi. Mwanzoni mwa mwaka babu alikuwa anakunywa amlodipini ya miligramu 5 pamoja na losatani. Presha ikagoma, amlodipini ikapandishwa mpaka 10. Wiki kadhaa baadaye miguu ikaanza kuvimba. Akapelekwa kituo kingine, huko wakaona miguu, wakampa furosemidi, dawa ya kukojoza, asubuhi na usiku. Baada ya hapo ndipo akaanza kuanguka.

Mama mdogo akaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee wake. Amlodipini inapanua mishipa, na ikipandishwa mpaka 10 watu wengi huvimba miguu. Huo si ugonjwa mpya, ni dawa yenyewe inaonekana miguuni. Dawa ya kukojoza haiuondoi uvimbe wa namna hiyo vizuri, kwa sababu tatizo si maji kuzidi mwilini. Inachofanya ni kumkausha mzee na kumwamsha usiku. Anainuka haraka, presha inashuka, kizunguzungu, chini. Dawa inayotibu dawa. Anasema hilo huko kwake wanalikuta kila mara na lina hata jina lake kwenye vitabu, wanafananisha na maporomoko, moja linamwagikia jingine.

Akatufanya tupime. Kile kipimo cha presha alichotuma yeye mwenyewe mwaka jana, bibi alikuwa anakitunza kwenye boksi lake. Babu alale dakika tano: 138. Asimame, subiri dakika moja, kisha dakika ya tatu: 112. Kumbe kushuka 20 tu ukisimama kunatosha kuitwa tatizo.

Halafu ndipo likaja langu.

"Hii diklofenaki imetoka wapi? Kwenye kadi haipo."

Kimya. Babu akaniangalia, halafu akaangalia pembeni. Jamani, ni mimi. Kila nilipokwenda nyumbani, bumu likiwa limeingia, nilikuwa napitia duka la dawa hapa karibu na chuo namnunulia babu dawa ya goti. Pakiti, si kidogo. Nilijiona mjukuu wa maana! Alikuwa anakunywa vidonge viwili kila siku miezi minne mfululizo, na anawaambia wageni hizi ananiletea mwanachuo wangu.

Mama mdogo hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma. Alisema tu kwamba diklofenaki inapandisha presha, na inawezekana ndiyo sababu ile presha iligoma hata amlodipini ikaongezwa. Halafu kwa mzee anayekunywa losatani na dawa ya kukojoza, ukimwongezea diklofenaki, figo zinabanwa pande tatu. Diklofenaki aache leo hii, goti apewe paracetamoli. Nyingine zote asiguse mpaka daktari aamue. Hapo alirudia mara mbili, maana bibi alishaanza kukusanya vidonge vya kutupa.

"Sasa si utuambie wewe," babu akamwambia. "Si ndiyo kazi yako?"

"Kwa wazee wangu wa huku ndiyo kazi yangu, baba. Leo hii hii ningeshapunguza na kuagiza damu ipimwe. Huko kwenu sina mamlaka. Mimi ni binti yako mwenye simu."

Halafu kamera yake ikazimika. Tukadhani ni mtandao. Ilirudi baada ya kama dakika mbili na macho yake yalikuwa mekundu, wala hakuna aliyeuliza. Nimekuwa nikifikiria zile dakika mbili tangu siku hiyo. Kila asubuhi anafungua mafaili ya baba za watu, askari wa vita ya watu, anajua mpaka nani anakunywa bia na kidonge gani, na baba yake mwenyewe aliyepigana vita yake mwenyewe ana mfuko wa rambo chini ya kitanda.

Tukaendelea. Akaniamuru niandike karatasi moja, mwandiko wa kusomeka: kila dawa, kiasi, ilianza lini, miguu ilianza lini, kaanguka lini, presha akilala na akisimama. Chini yake maswali mawili tu kwa daktari. Mwisho akasema nimweleze babu mpango wa usiku wa leo. Nikaeleza vizuri kabisa, nikamaliza na "Umeelewa babu?" Akasema ndiyo. Mama mdogo akacheka. "Usimuulize kama kaelewa, kila mzee huelewa. Mwambie akueleze yeye." Nikamwambia. Babu akaeleza kwa kujiamini kwamba asinywe dawa yoyote ila ile ya goti. Teh teh teh! Wenzangu wa elimu mnakumbuka mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia kila siku anatupigia kelele juu ya "mmeelewaaa?" na darasa linajibu "ndiyooo". Mimi niliandika hilo kwenye daftari, nikalipatia alama kwenye testi, nikalisahau kwenye mkeka wa babu.

Jumatatu tukaenda hospitali. Daktari aliichukua ile karatasi kama mtu aliyepewa hati ya mashtaka, "Nani kawaandikia hii?" Nikasema mimi, na ni kweli mwandiko ni wangu. Akasoma tena. Akapima damu, figo zilikuwa zimeguswa kidogo, si vibaya sana. Amlodipini ikarudi 5, dawa ya kukojoza ikaondolewa, arudi baada ya wiki mbili. Bibi alitoka pale amenuna, tumekwenda hospitali na kurudi na dawa pungufu, nauli yote ile.

Sasa hivi ni wiki ya tatu. Miguu imenywea, viatu vya Ijumaa vinaingia. Figo zitapimwa tena mwezi ujao, hatujui. Hajaanguka. Ila goti linamuuma na ananilalamikia mimi, paracetamoli anaiita chaki, na nina wasiwasi kuna pakiti ya diklofenaki kaificha mahali, kwa sababu hesabu yangu ya niliyonunua na tuliyoikuta kwenye mkeka haikubaliani. Nimemwambia bibi aangalie kwenye koti la zamani. Mama mdogo anasema hata wale wa Ohio wanaficha.

Juzi babu alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa nadra maana anaogopa salio. Akauliza wale askari wa mama yako mdogo walipigana wapi. Nikamwambia Vietnam.

"Walishinda?"

"Hapana babu."

Akanyamaza kidogo. "Na wanafuatwa mpaka nyumbani."

Nikasema ndiyo, na kwamba wengine presha yao serikali inahesabu imetokana na sumu iliyomwagwa kule vitani, sheria hiyo ilipita 2022. Sukari walishaihesabu zamani. Akasema hmm. Akauliza goti je, wanalihesabu? Sikuwa na jibu, nikamwambia nitamuuliza mama mdogo. Akasema muulize, halafu salio likakata.

Basi wadau, saa sita kasoro sasa na kesho testi ya saa mbili asubuhi. Aliyenukuu mhadhara wa Ijumaa ile niliyokimbia naomba daftari, nitampa chai na chapati. Na nyie mnaopeleka zawadi za dawa nyumbani, tuonane kantini, nina maswali.