Mtoto Aongee Kwanza, Aandike Baadaye

Shule ya binti yangu hapa Leicester inatuhimiza wazazi tuzungumze Kiswahili nyumbani. Shule ya mpwa wangu kule Tabata, Dar es Salaam, ya mchepuo wa Kiingereza na ada yake si mchezo, inamwambia dada yangu aache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Yaani wenye lugha yao wanamwachia mtoto ya mama yake, na sisi tuliojifunza Kimombo kwa jasho ndio tunaomfunga mdomo.

Waingereza hawafanyi hivyo kwa huruma. Katika shule za England, takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano anasikia lugha nyingine nyumbani, na Leicester ni zaidi ya hapo: darasa moja lina Kigujarati, Kisomali, Kipolandi na Kiswahili chetu. Walimu wao wameegemea sana kazi ya Jim Cummins, mtafiti wa Canada, aliyeonyesha kwamba mtoto mgeni huchukua kama miaka 2 kupata Kiingereza cha kuchezea uwanjani, lakini miaka 5 hadi 7 kufikia kile cha kuandikia insha na kuelewea kitabu cha sayansi. Katika safari hiyo lugha ya nyumbani ni mtaji. Mtoto anayejua kusimulia kisa kwa Kiswahili, akajua kipi kitangulie na nani alifanya nini kwa sababu gani, hahitaji kufundishwa kusimulia upya. Amepungukiwa maneno tu.

Sasa mfikirie mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali huko Tanzania. Mpaka darasa la saba amesoma masomo yake kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinageuka Kiingereza, naye anapewa wiki chache za kozi ya maandalizi. Akinyamaza darasani tunasema hana akili.

Nilichojifunza kwenye shule ya binti yangu ni kwamba hawakimbilii kuandika. Wanafuata utaratibu uliobuniwa na Mwingereza Pie Corbett, unaoitwa Talk for Writing. Mwalimu anawasimulia kisa, kisha siku kadhaa kalamu zinakaa pembeni. Watoto wanachora kisa kwa vipicha na mishale: mbweha, mto, daraja, nyumba ya bibi. Wanakisimulia kwa pamoja huku wakitumia ishara za mikono, kisha wawili wawili, kisha wanabadilisha wahusika na kutunga chao. Siku ya kuandika ikifika, zile sentensi zimeshapita mdomoni mara nyingi.

Kesho yake inatoka kalamu ya zambarau ya kurekebishia, nayo anaishika mtoto. Kwenye daftari la binti yangu kuna sentensi ya penseli, "The fox went to the river." Mwalimu hakuikata. Aliandika pembeni swali moja: alikwendaje? Binti akafuta "went", akaweka "crept", na mwishoni akaongeza kwa zambarau "because the dog was sleeping".

Daftari la mpwa wangu nililiona kwa picha za WhatsApp. Insha inaitwa "My School". Shule ni kubwa, ina madarasa mengi, ina walimu wazuri. Darasa zima limeandika hivyohivyo, maana imenakiliwa ubaoni. Kuna mistari myekundu, kuna 12 kwa 20, na ukurasa unaofuata ni "My Family". Makosa ya insha ya kwanza yamebaki yalipo, hakuna aliyeyarudia.

Simlaumu mwalimu wake, sembuse wa Kayumba. Hapa England sheria inataka darasa la watoto wa miaka 5 hadi 7 lisizidi wanafunzi 30. Nyumbani Tanzania, shule nyingi za serikali za mjini zina zaidi ya 80 kwenye chumba kimoja, na hakuna binadamu wa kusahihisha insha 80 mara mbili. Tena mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, kwa hiyo mwalimu anafundisha kuchagua.

Na Waingereza wenyewe wana kasoro zao. Tangu 2014 alama za kuzungumza hazihesabiwi kwenye daraja la Kiingereza la GCSE, mtihani wao wa sekondari, na kijana anaweza kumaliza shule bila kusimama mbele ya watu zaidi ya mara chache. Sisi tuna mdahalo. Kijana wa kidato cha pili anasimama mbele ya shule nzima, kuna mwenyekiti, katibu na mtunza muda, anatetea kwamba mkulima ni bora kuliko daktari. Tatizo ni kicheko. Akisema "he go", ukumbi unalipuka, na Ijumaa ijayo hasimami. Ukiongeza kile kibao cha kumvika aliyeongea Kiswahili, au fimbo, tunapata wanafunzi walioiva kwa kunyamaza.

Kuna mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti ya wizara. La kwanza, wanafunzi 80 wakikaa wawili wawili, 40 wanaongea kwa wakati mmoja, hata kama wataanza kwa Kiswahili. Wakiitikia "yes teacher" kwa pamoja, hakuna aliyeongea. La pili, aya moja iliyoandikwa mara mbili inafundisha kuliko kurasa mbili zilizoandikwa mara moja, na wa kwanza kuisoma anaweza kuwa jirani wa dawati.

Sisi wa ughaibuni tumezoea kutuma hela ya tuisheni. Mimi siku hizi namwomba mpwa wangu kisa. Ananitumia sauti kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, halafu anaandika sentensi tano na kuzipiga picha. Sisahihishi, nauliza swali moja. Juzi aliandika kuhusu daladala: "The konda he refuse students." Nikamuuliza, alikataaje? Picha iliyofuata ilisomeka: "The konda put his hand on the door and he say, students two only."

Hiyo "he say" mwalimu wake ataishughulikia. Lakini mkono mlangoni kauona mwenyewe, na haukuandikwa kwenye ubao wowote. Kabla hujatuma hela ya tuisheni ya mwezi ujao, mpigie mtoto simu, umwambie akusimulie kilichotokea njiani leo, kwa lugha yoyote, halafu umsikilize mpaka amalize.