Laptopu ya Michezo: Tazama Herufi ya Mwisho

Labda nawe unaye kijana ambaye amekuja kwako na ombi hili: "Nataka laptopu ya kuchezea michezo." Usimfukuze upesi. Mashine iwezayo kuendesha michezo mikubwa ndiyo hiyo hiyo iwezayo kuchora ramani za nyumba na kukata filamu, nazo ni kazi zenye mshahara. Walakini usitoe fedha upesi pia. Leo nataka tuzungumze hasa habari ya kitu kimoja kilichomo ndani yake, nacho ni prosesa, maana hapo ndipo fedha za mkulima hupotea bila yeye kusikia kishindo.

Mpwa wangu anasoma usanifu wa majengo Dar es Salaam. Mama yake, yaani dada yangu, aliweka akiba ya kahawa ya msimu mzima, akaniomba nimsindikize mwanawe dukani. Alisema yeye hajui kompyuta, na hataki kudanganywa na mtu yeyote, hata huyo mwanawe.

Basi tukaenda Kariakoo. Duka la kwanza muuzaji akatusifia laptopu moja nyembamba yenye kibandiko cha i7. "Mzee, hii ni i7, ile pale ni i5 tu. Saba na tano, ipi kubwa?" Swali hilo hata mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Mpwa wangu macho yakamng'aa. Mimi nikaomba tuonyeshwe jina lote la prosesa, si kibandiko. Nawe ukifika dukani fanya hivyo: bonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika dxdiag, ubonyeze Enter, usome mstari wa prosesa mpaka mwisho. Kibandiko mtu aweza kukibandua hapa akakibandika kule.

Ile ya i7 ilikuwa i7-1355U. Ile "i5 tu" ilikuwa i5-13500H. Zote mbili ni za Intel, za kizazi kimoja, zilitoka mwanzoni mwa mwaka 2023. Lakini angalia herufi ya mwisho. U ni prosesa iliyotengenezwa ili kubana umeme, kiasi chake cha kawaida ni wati 15. H ni ya kazi nzito, wati 45. Tena prosesa ina viini ndani yake, ambavyo ni kama vibarua wafanyao hesabu. Ile i7 ina vibarua 10, walakini wenye nguvu ni wawili tu, na wanane ni wadogo. Ile i5 inao 12, na wenye nguvu ni wanne. Mchezo mkubwa hutegemea sana hao wenye nguvu, tena huwafanyisha kazi saa nzima bila kupumzika. Kumbe basi saba ilikuwa dhaifu kuliko tano! Sidhani muuzaji alikusudia kutudanganya. Alisoma kibandiko, kama watu wengi wasomavyo.

Tangu mwisho wa mwaka 2023 Intel wameanza kutumia majina mengine, Core Ultra 5, 7 na 9, lakini U na H zimebaki mwishoni. Ipo na HX, ambayo ni prosesa ya kompyuta ya mezani iliyotiwa katika laptopu. Hiyo ikikazana yaweza kupita wati 150 kwa kitambo. Ni simba kweli, na simba hafugwi kwa majani.

Kwa AMD mambo yana mzunguko zaidi. Ryzen 7 7735HS na Ryzen 7 7840HS zote zina viini 8, na zote ziliuzwa mwaka 2023. Hapo tazama tarakimu ya tatu. Yenye 3 ni ya ujenzi wa zamani, yenye 4 ni ya ujenzi mpya zaidi. Kwa nini hawaandiki wazi? Mimi naona hawakufikiria mnunuzi wa kawaida walipopanga namba hizo.

Yote haya yana uzito kwa kuwa prosesa ya laptopu hulehemiwa juu ya ubao wake. Huwezi kuing'oa mwakani ukatia nyingine, kama ubadilishavyo betri ya tochi. Ukikosea umekosea mpaka mashine ife.

Sasa, prosesa haichezi peke yake. Yenyewe hufikiri: mpira umekwenda wapi, beki akimbilie upande gani. Anayechora picha ni kadi ya picha, na kwa michezo mingi huyo ndiye achokaye kwanza. Kwa hiyo i5 ya H yenye kadi nzuri huishinda i9 yenye kadi hafifu. Nayo kadi ina hila yake. RTX 4060 ya laptopu yaweza kuwekwa na kiwanda wati 35, au hata 115, na jina ni lile lile.

Mpwa wangu alikwisha kuichagua ile ya i5-13500H, yenye kadi yake. Ndipo simu ya mama yake ikaingia. "Kaka, hiyo mashine inakula umeme kiasi gani? Inveta yangu ni ya wati 150 tu." Nikaigeuza chaja. Imeandikwa wati 230, na uzito wake unakaribia kilo moja. Likizo ndefu kijana hurudi kijijini, na huko umeme ni wa sola. Betri nayo ilikuwa ya watisaa 60. Mashine ikila wati 100 wakati wa mchezo, haifiki dakika 40. Hiyo ni laptopu ya kubebwa kutoka ukutani mpaka ukutani.

"Mjomba," akasema, "lakini nitaitumia zaidi hapa Dar." Alikuwa na haki kusema hivyo, sikumkatalia. Nilimweleza tu kwamba fedha ni za mama yake, na nyumba ile ina inveta moja. Akanyamaza muda mrefu.

Duka la tatu tulipata yenye Ryzen 7 7840HS, isiyo na kadi ya peke yake. Mchoraji wake, aitwaye Radeon 780M, yumo ndani ya prosesa yenyewe, na chaja ni ya wati 100. Mchoraji wa namna hii hukopa kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, kwa hiyo tulihakikisha ni gigabaiti 16, tena zilizogawanywa njia mbili, maana njia moja humchelewesha. Kijana akaendesha mchezo wa mpira hapo hapo dukani kwa dakika 20, tusikilize feni na kuona kama picha zitaanza kukwamakwama mashine ikipata moto. Hazikukwama.

Tukalipa, na chenji ikarudi kwa mama yake pamoja na risiti. Mpwa wangu husema mpaka leo kwamba iko michezo miwili mitatu ambayo sharti apunguze ubora wa picha ndipo iende. Ni kweli, nimeiona.