Kutoka Nchi ya Shaba Mpaka Soko la Samaki la Bagamoyo

Sisi wa Kakanda, upande wa Likasi, tumezoea kutafuta riziki ndani ya ardhi. Shaba na kobalti ndizo zinazotulisha. Na samaki wa bahari twamjua akiwa mgumu kama jiwe kwa barafu. Basi tulipopata nafasi ya kwenda Bagamoyo, mji wa kale wa pwani ya Tanzania, tulifurahi kama watoto.

Njia ni ndefu. Tulipita Lubumbashi, tukavuka mpaka wa Kasumbalesa, tukakata nchi ya Zambia, tukaingia Tanzania kwa Tunduma. Siku zote hizo tulifuatana na malori yaliyochukua shaba ya kwetu kwenda bandari ya Dar es Salaam. Tena njia ya pwani si mpya kwa watu wetu. Zamani za Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, misafara ilichukua shaba, pembe za ndovu na hata wanadamu. Kutoka Dar es Salaam hata Bagamoyo ni kilomita 70 hivi tu.

Alfajiri tulishuka pwani. Maji yalikuwa yakijaa, na mashua na ngarawa zilikuwa zikirudi, matanga yamelowa. Vijana waliingia baharini mpaka kifuani wakapokea makapu. Hapo tukaona changu, kolekole, nguru, taa, pweza na kamba, wote wabichi, macho yao yangali yanang'aa. Dalali akasimama katikati ya watu, akainua samaki, akataja bei. Huyu akaongeza, yule akaongeza, mpaka mmoja akashinda. Kando kidogo wanawake walikaanga samaki katika makarai makubwa. Tulikula tukilamba vidole.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitukaribisha.

"Karibuni, wageni. Mmetoka wapi?"

"Shikamoo, mzee. Tumetoka Kongo, kwenye machimbo ya shaba."

"Marahaba, wanangu. Na hiyo shaba mkiisha kuichimba, huota tena?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mzee akaendelea: "Samaki huzaa. Lakini azae wapi, kama mtu amevunja nyumba yake?"

Akatueleza habari za watu waliopiga baruti baharini. Baruti huvunja matumbawe, nayo huua makinda pamoja na wakubwa. Mvuvi hujaza kapu siku moja, na watoto wake hukosa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo. Akatuonyesha kwa mkono upande wa mto Ruvu, ambako mikoko huota penye maji ya chumvi. Humo katikati ya mizizi ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Akataye mikoko hovyo amekata chakula chake mwenyewe.

Jioni tulikwenda kuiona misheni, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Walijenga hapo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa la zamani ungali umesimama; ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, ulipoletwa na Susi na Chuma na wenzao kutoka bara. Kutoka pwani ile ile tuliyokula samaki, watumwa walipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Wenye tamaa waliwavua watu wa bara kana kwamba hawataisha, na vijiji vingi vikabaki mahame.

Hapo neno la mzee likatuingia vema. Tamaa ni ile ile, ikivua watu, ikivua samaki au ikichimba shaba: haiulizi kesho. Bahari ikiachwa ipumzike hurudisha. Shaba hairudi, basi na tujiulize, itakapokwisha, itakuwa imewaachia nini watoto wa Kakanda? Ikiacha shule njema, maji safi na mashamba yenye rutuba, hapo itakuwa imezaa. Ikiacha mashimo matupu, tutajibu nini?

Kabla ya kuondoka tulinunua ng'onda, samaki wa chumvi asiyeharibika njiani, tuwapelekee mama zetu nyumbani. Wahenga walisema akiba haiozi. Hata katika soko la samaki, tuliona ni kweli.