Kushuka Kitonga

Tulipoipita Ilula na matenga yake ya nyanya, mjomba aliniambia nizime redio. "Mjomba, leo sikiliza injini," alisema. Yeye aliendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa napeleka gari Dar es Salaam, tena gari la gia za mkono.

Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara hushuka kutoka huko hadi bonde la Ruaha. Kitonga ndipo inapoporomoka: mlima upande huu, korongo upande ule, malori katikati. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha mpaka zigome kushika. Kwa hiyo gia hupunguzwa kabla ya mteremko, injini ikalizuia gari. "Gia ambayo ingekupandisha ndiyo ikushushe," mjomba alisema.

Ulaini ndio kazi. Katika gia ya nne injini ilizunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa mwendo uleule, ya tatu iliitaka ifike 2,800 hivi. Ukiachia klachi kabla haijafika, magurudumu huivuta kwa nguvu, gari hushtuka, na penye utelezi tairi huweza kuserereka. Basi punguza mwendo kwa breki, kanyaga klachi, ingiza tatu, gusa mafuta kidogo klachi ikiwa bado chini, kisha iachie. Malori ya zamani yalidai zaidi: klachi mara mbili, na mafuta yapigwe gia ikiwa nyutro.

Kabla ya kona ya kwanza, si ndani yake, nilifanya hivyo. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, klachi ikaachia, injini ikanguruma kwa sauti nzito. Bibi, aliyeketi kiti cha nyuma, aliendelea kumenya chungwa lake. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa dereva.

Chini zaidi tulikuta lori limesheheni likishuka polepole mno. Nikaingiza ya pili, nikaacha nafasi, nikagusa breki kwa vipindi tu.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu. Mjomba aliinama kwenye gurudumu la mbele, akanusa; hapakuwa na harufu ya kuungua. "Sasa mlima Iyovi," alisema. "Ule unapanda. Punguza gia mapema, injini isisubiri kuchoka."