Askari Asiye na Jina katika Vilima vya Kigali

Mji wa Kigali ulianza mwaka 1907 kama kituo kidogo cha utawala kilichowekwa na Mjerumani Richard Kandt. Ulifanywa makao makuu ya Rwanda huru mwaka 1962. Leo wakazi wake wamepita milioni 1.7, na nyumba zimepanda vilima na kushuka mabondeni kwa msongamano mkubwa. Katika mji wa namna hii hata wafu hawana budi kupangiwa mahali. Makaburi ya Remera yalipojaa, mazishi yalihamishiwa Rusororo, pembezoni upande wa mashariki. Na sheria ya mwaka 2013 iliruhusu pia maiti kuchomwa, kwa wale wapendao njia hiyo.

Dini nazo ni zaidi ya moja. Katika mtaa wa Nyamirambo, ambako Kiswahili kina wenyewe, misikiti na makanisa ni majirani. Muislamu huzikwa kwa sanda, akilazwa kwa ubavu wa kuume na kuelekezwa Kibla. Mkristo hulazwa katika jeneza na kusimikiwa msalaba. Kila jamaa hufuata desturi yake.

Lakini yako makaburi ambayo hayakuuliza dini ya mtu. Kilimani Gisozi, katika kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wamelala pamoja chini ya mabamba mapana ya saruji, mzee na mtoto, tajiri na maskini. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliingiza mahali hapo katika urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero.

Kwa mtu avaaye sare, Kigali ina mahali pengine patatu pa kutafakari.

Pa kwanza ni kambi ya zamani iitwayo Camp Kigali. Zipo hapo nguzo kumi za mawe, kwa ajili ya askari kumi wa Ubelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa. Walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Tarehe 7 Aprili 1994 walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambini na kuuawa. Bibi Uwilingiyimana naye aliuawa siku hiyo hiyo. Kila nguzo ina mikato inayohesabu miaka ya askari mmoja. Ni michache, kwa kuwa walikuwa vijana.

Pa pili ni kilima cha Nyanza, Kicukiro. Zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO, wakitumaini ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa waliopiga kambi hapo. Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao walipewa amri ya kuondoka, wakaondoka. Wauaji waliwaswaga wakimbizi hao hadi Nyanza na kuwaua. Makaburi yao yako hapo.

Pa tatu ni Remera, karibu na Uwanja wa Amahoro, walikozikwa mashujaa wa taifa. Yumo Jenerali Fred Gisa Rwigema, aliyeuawa vitani mwezi Oktoba 1990. Yumo Bibi Uwilingiyimana. Na yumo Askari Asiyejulikana, awakilishaye wote waliokufa wakiipigania nchi. Jenerali na askari huyo asiye na jina wamewekwa katika daraja moja, la juu kabisa, liitwalo Imanzi. Kila tarehe 1 Februari taifa huwakumbuka.

Mahali hapo patatu pana fundisho moja. Silaha ya askari hupimwa kwa maisha ya wale waliojificha nyuma yake. Watu wa ETO hawakukosa kuwaona askari. Walikosa askari wa kubaki nao. Cheo huishia kaburini, bali ulinzi alioutoa mtu hukumbukwa hata jina lake likipotea.

Anayezuru vilima hivi pamoja na watoto wake, heri awaeleze mapema wanakokwenda, wavae kwa heshima na waseme kwa sauti ya chini. Huenda jirani aliyeinama pale kaburini amekuja kumwamkia mama yake.