Starehe: Shule Iliyoanzia Vibandani

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea kaskazini-mashariki hukutana kwanza na Kariokor. Jina hilo, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, ni ukumbusho wa wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mbele kidogo ni Pumwani, mtaa mkongwe wa Waafrika, na soko la Gikomba lenye makelele ya wauza mitumba na wafua vyuma. Katikati ya msongamano huo, kando ya barabara iliyopewa jina la Jenerali Waruinge, mpiganaji wa Mau Mau, ndipo ilipo shule ya wavulana ya Starehe.

Atakayeingia humo akitazamia starehe atashangaa, kwani jina ni la raha lakini mambo yake ni ya kazi. Hata mwanzo wake ulikuwa wa dhiki. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilivunja nyumba nyingi. Baba alikuwa kizuizini, mama kahamishwa, na mtoto akajikuta peke yake mjini akilala barazani mwa maduka. Novemba 1959 watoto wa namna hiyo walianza kupokewa Starehe katika vibanda viwili vya mabati.

Walioanzisha kazi hiyo walikuwa watu watatu. Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Kenya, alipata kuwa ofisa katika jeshi la kikoloni. Wenzake walikuwa Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, naye Gikubu alikuwa ameonja kizuizi cha wakoloni. Watu ambao vita viliwaweka pande mbili walikaa meza moja kwa ajili ya watoto ambao vita hivyo hivyo viliwaacha bila kwao. Pamoja nao walisaidia wahisani wa ndani na nje, na katika miaka ya 1960 makao ya kuokolea watoto yakakua yakawa shule kamili yenye sekondari.

Msingi wa shule hiyo ulikuwa kwamba umaskini usimfungie mtoto mlango. Wanafunzi wengi walisomeshwa bila malipo. Wale ambao wazazi wao walikuwa na uwezo walilipa kwa kadiri ya uwezo huo. Lakini wote walivaa sare moja, wakala chakula kimoja na kushika ufagio mmoja. Mtoto wa mkubwa na mtoto aliyeokotwa sokoni walilala bweni moja.

Utawala wa kila siku uliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa viranja, nao walifundishwa kwamba cheo ni utumishi. Ili cheo kisije kikageuka ubabe, kulikuwa na baraza. Wanafunzi walikusanyika, na yeyote, hata mdogo wa kidato cha kwanza, aliweza kusimama akalalamikia chakula, kiranja au mwalimu bila kuadhibiwa kwa maneno yake. Mkuu wa shule alipaswa kumjibu palepale mbele ya wote. Shule nyingi za bweni zimeona moto na mawe kwa sababu malalamiko yalikosa pa kutokea. Starehe iliyapa mlango.

Kaulimbiu ya shule ni "Natulenge Juu", lakini aliyepanda juu alikumbushwa chini alikotoka. Vijana waliomaliza masomo walihimizwa kutumikia umma kwa kujitolea kabla ya kujiunga na vyuo.

Griffin aliiongoza shule hadi kifo chake mwaka 2005. Mwaka huohuo ndipo shule ya wasichana ya Starehe ilipofunguliwa, miaka 46 baada ya ile ya kaka zao. Muda huo ni mrefu mno, kwani njaa ya mjini haikupata kumbagua mtoto wa kike.

Vibanda viwili havikuwa mtaji mkubwa. Kilichovifanya vizae shule ni imani kwamba mtoto aliyetupwa barabarani ana akili ya kufundishwa, mikono ya kukabidhiwa kazi na kinywa kinachostahili kusikilizwa. Mji wowote wenye watoto wanaolala nje unaweza kuanza na imani hiyo, hata kabla ya kupata matofali.