Pikipiki Kuukuu

Kigongo ni kijiji kando ya Ziwa Viktoria, katika Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo yake ni Busisi. Kwa miaka mingi watu walivuka hapo kwa pantoni, wakingoja zamu yao ufukoni, hata tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja lenye urefu wa kilomita 3. Tangu siku hiyo mtu huvuka kwa dakika chache tu.

Palikuwa na mtu mmoja hapo aliyepata riziki yake kwa kuchukua abiria kwa pikipiki. Zamani aliwafikisha kivukoni tu, mwendo mfupi; lakini daraja lilipofunguliwa, walitaka awapeleke mpaka Sengerema. Ndipo pikipiki yake ilipoanza kumwaibisha. Ilitoa moshi wa buluu, ikakosa nguvu vilimani, na cheni ikaruka mara kwa mara. Abiria wakampita, wakawachagua wenziwe.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kumpa pikipiki mpya kwa mkataba: alipe shilingi 70,000 kila juma kwa mwaka mzima, ndipo iwe mali yake, akishindwa, inyang'anywe. Yule bwana aliitazama iking'aa, akaitamani sana. Jioni akamweleza mkewe.

Mkewe akasema, "Baba watoto, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwanza muulize fundi hii ya zamani ina ugonjwa gani."

Binti yao wa darasa la sita akachukua kalamu, akazidisha 70,000 kwa majuma 52, akapata shilingi 3,640,000. Wote wakanyamaza, maana katika fedha hizo ndimo zilimokuwa sare na madaftari yake.

Kulipokucha akaenda kwa fundi. Fundi hakuanza na injini. Alianza na fremu. Aliifuta tope, akachungulia kila mahali palipochomelewa, hasa shingoni. Akasema, "Ndugu yangu, kama ningeona ufa hapa, nisingekubali kuitengeneza. Injini ikizimika njiani utasukuma, lakini fremu ikikatika utaua mtu." Fremu ilikuwa nzima.

Kisha akafungua injini. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, hata oili ikapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo sababu ya moshi ule. Fundi akauliza, "Ulibadili oili lini?"

Yule bwana akainama, asikumbuke.

"Basi," fundi akasema, "oili chafu ndiyo iliyokula chuma hiki. Hata ile mpya ungeiua vivyo hivyo, labda kabla hujamaliza kulipa deni lake."

Maneno hayo yalimchoma moyo, lakini aliona ni kweli. Wakapiga hesabu: pistoni na ringi zake, kuchonga silinda, cheni na spoketi, breki, pamoja na ujira wa fundi, jumla shilingi 260,000. Mkataba ule ulikuwa mara 14 ya gharama hiyo.

Wala fundi hakumficha jambo. Alimwambia kwamba kukarabati nako kuna mwisho wake: fremu ikipasuka, au pikipiki ikirudi kwa fundi kila mwezi hata ikala faida yote, wakati wa kuiacha umefika, wala mtu asiing'ang'anie kwa mazoea tu.

Basi akaitengeneza. Akanunua daftari dogo, na kila alipobadili oili aliandika tarehe. Katika mapato ya kila juma aliweka akiba, ili siku ya kununua mpya ikifika, ainunue kwa fedha taslimu. Moshi ukakoma, na abiria wa Sengerema wakarudi.

Enyi wanafunzi, mwenye kutamani kitu kipya na ajiulize kwanza: ni nani aliyekiharibu kile cha zamani?